Sauti ya Mama Mkwe Katika Kizimba cha Kasuku

Jairus Kiptum,
Ghala la mahindi, mlango wa nyuma,
Kitale.

Kwa Shemeji Wakoli,
Mkuu wa boma la wakwe zangu,
Bungoma.

KUHUSU: OMBI LA KUONDOLEWA KASUKU AITWAYE DIWANI KATIKA NYUMBA YANGU, KWA SABABU ZA KELELE, HESHIMA NA USINGIZI

Shemeji yangu mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi, na umeshakunywa chai. Sisi huku hatujambo, isipokuwa masikio. Ulisema kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba malalamiko ya ukoo yasiletwe tena kwa mdomo, yaandikwe vizuri ili kikao kiyajadili. Nimetii. Mimi ni mtu wa kutii, kama utakavyoona, na kutii ndiko kulikonifikisha hapa nilipo, yaani juu ya gunia la mahindi, nikiandikia kwenye goti.

Kwa faida ya wajumbe wasioijua kesi hii: mama yako mzazi, ambaye ni mama mkwe wangu, aliteleza akitoka kuchuma mboga, akavunjika nyonga. Akapelekwa hospitali ya misheni pale Lugulu, wakamshughulikia vizuri, Mungu awabariki, na sasa anauguzwa nyumbani kwako. Kasuku wake hakuvunjika chochote. Hata hivyo ulimpakia kwenye gari ukamleta kwangu Kitale, ukaeleza kwamba mkeo ana kifua na manyoya hayamfai, kisha ukaniambia kwa sauti ya upole, “Ni wiki mbili tu, shemeji. Huyu ndege hana shida, bana.” Wakati huo mahindi yetu yalikuwa bado mbegu kwenye mfuko. Leo yametoa mbelewele.

Sikukataa. Mkwe hakatai. Na ninakiri kwamba Diwani ni ndege wa heshima zake: rangi ya kijivu, mkia mwekundu, karatasi za serikali zimekamilika kuliko zangu. Hata jina lake linamfaa. Marehemu baba yenu alimwita Diwani kwa sababu huongea kutwa na hakuna kinachotendeka.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. KELELE. Kazi yangu unaijua. Kutwa nasimama kando ya mashine ya kupukuchua mahindi, na jioni sitaki makubwa. Nataka kusikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe, basi. Diwani huanza kabla ya jogoo wa jirani yangu Chelimo. Jogoo huyo siku hizi amekata tamaa, analala hadi jua litoke. Kwanza Diwani hupiga mluzi wa birika linalochemka. Kisha hupiga ukelele wa kuku anayekamatwa kwa ajili ya wageni. Ukishadhani amemaliza, anavuta pumzi, na kwa sauti na lafudhi ya Mama yako mwenyewe, bila kupungua hata kidogo, anauliza nyumba nzima, “Nani anarara mpaka saa hii?”

Nimejaribu kila dawa. Nilimfunika kwa blanketi. Alipiga kelele na blanketi. Nilimpa mahindi ya kuchoma, akala, akashukuru kwa mluzi. Nikasikia kwamba kasuku hupiga kelele kwa upweke, nikamwachia redio. Kwa bahati mbaya redio yetu husoma matangazo ya vifo saa ya chakula cha mchana, na Diwani akayashika. Baada ya siku chache Chelimo alibisha mlango akiwa amevaa koti la mazishini na pakiti ya sukari mkononi, akasema, “Pole sana jirani, tumesikia. Ni nani ametuacha?” Nikamwambia ni ndege. Akanipa pole zaidi, akidhani ndege ndiye aliyekufa. Nilitamani sana iwe kweli.

2. CHAKULA. Hapa ndipo penye mzizi wa jambo, kwa hiyo naomba wajumbe waache kunong'ona.

Siku niliyoleta mahari kwenu, Mzee Mukhisa, mdogo wa marehemu baba yenu, alisimama mbele ya watu wote akauliza kama mtu wa kutoka mlimani ataziweza heshima za Wabukusu. Kwetu Mlima Elgon pia kuna heshima, hatukulelewa na nyani, lakini nilimwachia Mzee aendelee. Akazitaja moja moja. Mama mkwe hupeani naye mkono. Huli naye meza moja. Hukai naye chumba kimoja. Halali nyumbani kwako hata mvua ikinyesha mawe. Ukiwa na neno la kumwambia, unalipitisha kwa mtu. Nikaapa mbele ya wote. Na kwa kuwa mgeni hutazamwa mara mbili, niliamua kwamba hakuna mkwe aliyezaliwa Bungoma atakayenishinda.

Na hakuna aliyenishinda, Shemeji. Waume wa dada zako wengine, waliozaliwa huko huko na heshima hizo, humpungia Mama mkono. Mmoja alipiga naye picha, tena wameshikana mabega. Mimi Mama akitokea mlango wa nyuma, huwa nimeshatoka wa mbele. Kwenye harusi ya binti yako nilikula wali nyuma ya tanki la maji. Mama akipiga simu, nampa Emmy dada yako, mke wangu, na salamu zangu zinapita kwake. Watu wenu husema, “Huyu Jairus ni mkwe kweli kweli,” na mimi hujifanya sijasikia, ingawa husimama karibu ili nisikie.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo atakaaje mezani wakati sauti ile iko dirishani? Siku ya kwanza nilikuwa na kijiko mdomoni. Diwani akasema nyuma yangu, Mama mtupu, “Ongeza ugari, mtu asirare njaa.” Nilisimama, nikavua kofia, nikatoka kinyumenyume hadi uani, nikamwaga mchuzi wote kwenye viatu. Emmy alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikuona cha kuchekesha. Tangu siku hiyo nakula kibarazani, na mvua ikinyesha kwa upande, nakula kwenye zizi. Ng'ombe amenizoea. Akimaliza kucheua hunitazama kama anayengoja nimkaribishe.

3. Lalamiko la tatu limefutwa. Lilihusu bafu na taulo. Emmy amelisoma akasema barua hii itasomwa mbele ya wazee. Wajumbe wataelewa wenyewe.

4. MAKAZI. Nilipoona mambo yamezidi, nilimwita Mzee Mukhisa mwenyewe kutoka Kimilili aje atoe uamuzi. Nilitumaini atasema jambo dogo la busara, kwamba ndege ni ndege, kisha tule kuku. Akaja, akaketi, akapewa chai. Hajaonja, Diwani akasema kutoka dirishani kwa sauti ya Mama, “Mulembe.” Mzee akajibu palepale kwa adabu zote, “Mulembe muno, mama,” ndipo akageuka akaona aliyemsalimia.

 Mtu mkubwa akishamsalimia ndege mbele ya watu, hawezi tena kusema kwamba ni ndege tu. Kwa hiyo Mzee alikunywa chai yake polepole, akaweka kikombe, akatangaza kwamba heshima haiangalii mwili bali sauti. Nikapinga kidogo. Akaniuliza, “Wewe mama mkwe akipiga simu, si unampatia bibi yako? Sasa simu iko na mwili?”  Miaka yote nimeiheshimu simu.

Kutokana na uamuzi huo, mambo yanafuatana yenyewe. Kama sauti ni Mama, basi Mama yuko nyumbani kwangu. Kama Mama yuko nyumbani kwangu, basi analala kwangu. Mama mkwe halali kwa mkwe. Kwa hiyo mmoja wetu alikuwa lazima ahame, na kati yangu na Diwani, ni mimi niliyekuwa na godoro la kubebeka. Ndiyo maana anwani iliyo juu ya barua hii imebadilika.

Mtaa mzima sasa unajua kwamba dada yako amenifukuza. Mchungaji alikuja ghalani, akaketi juu ya gunia, akanishauri nimwombe Emmy msamaha. Nikamwomba. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza mchungaji habari za kasuku. Emmy akasema amenisamehe, lakini ningependa kikao kijue kwamba alisema hivyo akiwa amejifunika uso kwa leso, na mabega yakimtikisika.

5. MATIBABU, NA KWAMBA YALIFAULU. Nilimwendea daktari wa mifugo, Bi. Jepkemboi. Yeye ni mtu wa ng'ombe, lakini alinionea huruma. Akaniambia, “Akipiga kelele, usimjibu. Hata ukimfokea, kwake hiyo ni kuitikiwa, anajua ameshinda. Ngoja mpaka anyamaze ama aongee polepole. Hapo sasa ndio unamjibu vizuri, unampatia karanga. Na mjibu kila siku, usichoke.”

Emmy hushinda kazini, na Sandra wetu yuko shuleni. Aliyebaki wa kujibu ni nani? Mkwe. Ikawa kila mchana natoka ghalani, naketi kibarazani, mlango wazi, mgongo nimempa ndege kwa ajili ya heshima, karanga mfukoni. Alipiga mluzi, nikanyamaza. Akapiga kuku, nikanyamaza. Alinitukana kwa sauti ya kondakta fulani ambaye sijui walionana wapi. Nikanyamaza, ingawa hilo lilihitaji maombi. Baada ya siku kadhaa akachoka. Akashusha sauti. Akasema taratibu, kwa ile sauti ya Mama ya jioni ambayo mimi sikuwahi kuisikia kwa kuwa jioni kwenu mimi huwa niko nje, “Mmekura, watoto?”

Daktari alisema nijibu. Nikajibu, “Ndiyo, Mama.” Nikarusha karanga juu ya bega bila kugeuka.

Basi, hivyo ndivyo nilivyovunja kiapo changu, kwa ushauri wa kitaalamu. Kelele zimepungua sana. Nalalamika kwamba zimepungua, kwa sababu alipokuwa akipiga kelele nilikuwa na ndege mbaya, na sasa nina mama mkwe mpole, jambo ambalo desturi haijaniandaa kwalo hata kidogo.

6. KUOMBEWA BILA KUSHAURIWA. Inaonekana kwamba kule kwenu kizimba cha Diwani hukaa kando ya kiti ambacho Mama hukalia akiomba jioni. Hukuniambia hilo uliponiletea. Baada ya kuzoea kuongea polepole, Diwani alianza kutoa sala za Mama, vipande vipande, bila mpangilio. Alimwombea Emmy miguu. Alimwombea ng'ombe aliyekuwa na mimba. Alimwombea Sandra mtihani. Kisha, nikiwa nimempa mgongo na nimeshika karanga, akasema:

“Na Jairus, Bwana. Murinde barabarani. Watu wasimuone mgeni. Ni mtoto wangu huyu.”

Shemeji, mimi ni mkwe wenu tangu Sandra hajazaliwa, na sasa Sandra anakaribia kumaliza sekondari. Muda huo wote sikuwahi kujua Mama ananionaje. Najua kwamba siku ile ya mahari, Mzee Mukhisa alipokuwa bado ananishuku, Mama alituma neno kutoka jikoni, na wazee wakanyamaza, na mimi nikapewa mke. Neno lenyewe sikuambiwa. Sikuuliza, mkwe haulizi. Nilijua ananivumilia, na nilidhani hilo linatosha. Kazi yangu ilikuwa kumpisha njia, na nilimpisha vizuri mpaka sikumwona kabisa.

Nililia. Naliweka jambo hili hapa kama lalamiko kwa sababu mtu mzima kulia mbele ya kasuku mchana kweupe, huku jirani Chelimo anapita na baiskeli, ni usumbufu mkubwa. Chelimo alishuka akanipa pole. Sasa anaamini kwamba kweli kuna aliyekufa na tunamficha.

Pia, kwa kumbukumbu za kikao tu, na si kwa nia mbaya: katika sala hiyo wewe umetajwa baada yangu. Umeombewa upunguze maneno.

7. SAUTI YANGU KUCHUKULIWA. Nilichosahau, na daktari hakunikumbusha, ni kwamba ndege anayejibiwa kila siku hujifunza na majibu. Diwani ameshika “Ndiyo, Mama.” Ameshika “Amina” yangu, na kikohozi kinachoifuata. Siku hizi huweza kuketi peke yake dirishani, Mama akaomba, mimi nikaitikia, Mama akauliza kama tumekula, mimi nikasema tumekula, mazungumzo mazuri kabisa ya mama na mwanawe, yote kutoka mdomo mmoja, na mimi niko ghalani napima unyevu wa mahindi.

Sandra alirudi likizo akayarekodi, akawatumia marafiki zake na maneno haya: “Budah anapiga stori na shosh, na wote hawako!” Budah ni mimi, shosh ni Mama. Mzee Mukhisa, ambaye hukaa mbali na kila kitu isipokuwa simu, akayapata. Akanipigia akiwa amekasirika, akasema mkwe na mama mkwe wamezungumza ndani ya nyumba tupu bila shahidi, na kwamba ni lazima nitoe kondoo wa kusafisha jambo hilo. Sikubishana. Niliuliza tu, kwa kuwa mazungumzo huhitaji watu wawili, upande wa Mama utatoa nini. Akasema atafikiria. Nikamweleza pia kwamba saa hiyo nilikuwa kazini na mashahidi wapo, wapakiaji wote wa ghala. Akasema hilo linazidisha kosa: kumbe nina uwezo wa kuvunja heshima hata nikiwa sipo.

Kwa kufuata uamuzi huo, kuhamia ghalani hakukunisaidia. Nikihamia Kapenguria nitavunja heshima nikiwa Kapenguria. Nikienda ng'ambo, nitaivunja nikiwa ng'ambo, tena bila visa ya Mama. Naomba kikao kiniambie mkwe akimbilie wapi ambako sauti yake haitamtangulia.

8. HATARI ILIYO MBELE. Wajumbe wenye haraka watasema jibu ni rahisi: Diwani arudishwe kwa mwenyewe. Wafikirie tena. Akirudi, ataingia chumbani kwa Mama na sauti yangu kifuani. Mama ataamka, yuko kitandani, hajafunga kitambaa chake, na mkwe wake atakohoa kando ya mto wake akisema “Ndiyo, Mama.” Mtu ambaye hajawahi kuuvuka mlango wa jiko lake! Mimi nitakuwa Kitale nakoroga chai, na wakati uo huo nitakuwa nimeingia mahali ambapo hata waume wa dada zako, na picha zao zote, hawajawahi kuingia.

Kwa hiyo Diwani hawezi kukaa kwangu, na hawezi kurudi kwa Mama. Kwa unyenyekevu mwingi naomba kikao kiamue yafuatayo:

(a) Kwamba kasuku aondolewe nyumbani kwangu kabla ya Jumapili, nirudi kwenye kitanda changu, na mchungaji apate mtu mwingine wa kumshauri.

(b) Kwamba asipelekwe chumba chochote alimo Mama, wala chumba kinachopakana nacho, wala asipitishwe dirishani.

(c) Kwamba akae kwa mtu wa tatu, mwenye umri, asiye na mkwe wa kumwogopa. Napendekeza Mzee Mukhisa. Ameshatoa uamuzi kwamba sauti ni mtu. Ni haki sasa aishi na uamuzi wake, na wataweza kusalimiana kila asubuhi.

(d) Kama (c) itamshinda, basi Mzee aandike kwa mkono wake kwamba ndege ni ndege, atie sahihi, nami nitaiweka karatasi hiyo kwenye fremu ukutani, karibu na picha ya harusi.

Nimeeleza bila chuki. Nawasalimu nyote: mkeo na kifua chake, watoto wako, waume wa dada zako na kamera zao, Mzee Mukhisa na simu yake, na majirani wote wa hapo kwenu walionisifu kwenye ile harusi. Mama umsalimie kwa njia inayofaa, yaani wewe umwambie mkeo, mkeo amwambie mtoto, mtoto amwambie Mama kwamba kuna mtu Kitale anauliza hali ya nyonga.

Ni mimi, mkwe wenu mtiifu, ninayewapisha njia hata nisipoiona,

Jairus Kiptum

Nyongeza, baada ya bahasha kufungwa na kufunguliwa tena:

Emmy ameniletea chakula hapa ghalani na habari kwamba umepiga simu. Nimefurahi kwamba Mama sasa anatembea na fimbo hadi barazani. Nimesikia pia kwamba alipofika tu barazani, kitu cha kwanza alichoulizia ni Diwani. Emmy akasoma barua hii yote akiwa amesimama. Alipomaliza hakucheka. Aliniuliza mbele ya wapakiaji, “Baba Sandra, na zile karanga zinaisha hivyo kila wiki? Kelele si ziliisha zamani? Unamfundisha nini huyo ndege?”

Sitakidanganya kikao. Kelele ziliisha zamani. Tangu nilipoisikia ile sala, kila mchana nimekuwa nikimfundisha Diwani maneno yangu, kwa makusudi, na siku za mwisho sikumpa mgongo tena. Ameyashika yote, bila kikohozi: “Mama, ni Jairus. Asante kwa kuniita mtoto. Nami ninakuombea.”

Kwa hiyo futa (a), (b), (c) na (d). Usisumbuke kuja, Jumamosi nitamleta mwenyewe. Kizimba mkiweke karibu kabisa na kiti cha Mama, mzime televisheni, na wewe Shemeji usiseme neno, maana Diwani huwa hayatoi maneno hayo mpaka nyumba itulie. Mimi nitasimama langoni, mahali pa mkwe.

Mama akimjibu kitu, usije kunieleza, wala usinipigie. Mwache Diwani akae naye mpaka ayashike maneno ya Mama vizuri, kisha tafadhali, nakuomba sana, mnirudishie ndege.